Sauti Isiyo na Mwenyewe

Katika Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi, asubuhi huanza na ufagio. Kabla ya pikipiki za teksi kupiga honi, kabla ya malori ya madini kutimua vumbi, mama wa kila lupango, kiwanja chenye nyumba, anafagia uwanja wake. Nkambo Mbuyu, yaani Bibi Mbuyu, naye alifagia. Alikuwa mzee, mjane wa mfanyakazi wa mgodi. Aliishi katika nyumba ndogo ya matofali iliyojengwa na kampuni ya zamani. Kampuni ilianguka, mishahara ikakatika, mume akafa. Nyumba ilibaki.

Upande wa pili wa ua, Mama Mbombo alifagia pia. Asili yake ilikuwa mkoa wa Kasai. Baba yake aliletwa Kolwezi zamani kwa kazi ya mgodi, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa. Wazee hawa wawili walisalimiana kila siku juu ya ua.

"Mbuyu, uliamuka?"

"Mi niliamuka, Mbombo. Miguu njo ingali inalala."

Kisha Nkambo Mbuyu alikaanga vitumbula vya kuuza, na Mama Mbombo alipanga nyanya zake juu ya meza mbele ya lupango. Mbuyu hakuwa mtu wa kusahau wema. Alikumbuka kwamba siku za kilio cha mume wake, Mbombo ndiye aliyechota maji ya wageni wote, na hakuna aliyemwomba. Alijua pia kwamba Mbombo akimpa nyanya, anachagua iliyo kubwa.

Nkambo aliishi na mjukuu wake, Fidélie, msichana wa miaka kumi na sita. Mama wa Fidélie, Tatiana, binti wa Nkambo, aliuza vitenge katika soko la Fungurume na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa Mama Mbombo kulikuwa na mwanawe Badibanga, mchomeleaji wa vyuma, mkewe, na watoto wao wawili: Mbuyi, na mdogo wake Blanchard, mtoto wa miaka minne. Mbuyi na Fidélie walikaa benchi moja shuleni. Mbuyi alizaliwa pacha wa kwanza, ingawa pacha mwenzake hakuishi, na Nkambo Mbuyu vilevile. Kwa Waluba wa Kasai pacha wa kwanza anaitwa Mbuyi. Kwa Waluba wa huku Katanga anaitwa Mbuyu. Kwa hiyo Nkambo alimwita msichana huyo ndoyi wake, yaani mtu wa jina lake, na ndoyi hakosi kitumbula.

Tatiana alimnunulia Fidélie simu ili asikie sauti ya mtoto wake kutoka Fungurume. Mwanzoni simu ilileta furaha. Jioni walikaa wote watatu, mmoja ndani ya simu na wawili juu ya mkeka, wakicheka.

Baadaye mambo yalibadilika polepole. Fidélie alitoka shuleni, akatupa mfuko, akakaa kwenye ngazi na kichwa chini. Bukari, ugali wake, ilipoa. Nkambo alimwita, akaitika "nakuya", asije. Alipolala, mwanga mdogo ulionekana chini ya blanketi. Shuleni alisinzia juu ya mkono wake. Mwalimu alituma habari kwamba alama zake zimeshuka. Akikosa mtandao, alizunguka uwanjani kama mtu anayeumwa na jino.

Nkambo alimuuliza ndani ya simu kuna nini. Fidélie alieleza kwamba yuko katika kundi la vijana wa mtaa. Kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kuleta habari. Wa kwanza anasifiwa. Wa pili anachekwa, anaambiwa kwamba anauza mkate wa jana. Fidélie hakuwahi kuwa wa kwanza darasani. Ndani ya simu alikuwa wa kwanza mara nyingi.

Nkambo hakumgombeza. Hapa ndipo lilipokuwa kosa lake, na lilikuwa kosa la watu wa umri wake. Katika Kolwezi, wazee wamezoea saa ya matangazo ya redio. Saa ile watu wananyamaza. Redio inataja aliyekufa, mbuzi aliyepotea, mkutano wa kanisa. Ikisema kilio kiko Musonoi, wewe unakwenda Musonoi na unakuta watu wamekaa chini. Kwa Mbuyu, sauti inayotoka katika sanduku ilikuwa sauti ya kweli. Na simu aliiona kama redio ndogo. Kila jioni alimuuliza mjukuu wake, "Telefone inasema nini leo?"

Siku moja ya mwezi wa sita, alasiri, Fidélie alitoka ndani mbio.

"Nkambo, sikia."

Ilikuwa sauti ya mzee. Iliwasalimu baba na mama, kisha machifu, kama mzee mwenye heshima anavyofanya. Ilisema taratibu, na ndani yake mlikuwa na methali. Ilisema wakati umefika. Watu wa Kasai waondoke kabla ya Jumapili. Atakayewaficha atahesabiwa pamoja nao.

Mbuyu hakuuliza ni nani anayesema. Sauti ilisalimu vizuri, naye akaamini. Aliuliza neno moja tu, kama wengine wamesikia.

"Bote banasikia," Fidélie alisema. "Mi njo wa kwanza kuituma mu magrupe yote ya Dilala."

Alisema kwa fahari. Kisha akaona uso wa nkambo wake, na fahari ikamtoka.

Mbuyu alikuwa anaiona gare, stesheni ya Kolwezi, mwaka wa 1993. Watu wa Kasai walikuwa wamefukuzwa katika nyumba zao kwa kuitwa wageni. Walilala kando ya reli, wiki baada ya wiki, wakingoja gari la moshi. Watoto waliharisha na kufa. Majirani wengine waliimba nyimbo za matusi. Mbuyu, wakati ule mama kijana, alibeba bukari katika ndoo, akaifunika kwa kitenge, akaipeleka kwa Mbombo pale gare. Mume wa Mbombo alikufa palepale, kabla ya gari la moshi kufika. Baada ya miaka mingi Mbombo alirudi Kolwezi na mwanawe, kwa sababu huku ndiko kwao.

Mbuyu alivuka ua. Alitaka kutenda wema. Alimkuta Mbombo anafua nguo za Blanchard, maana mtoto alikuwa kituo cha afya na mama yake, anaumwa malaria, amewekewa serumu, maji ya dawa mshipani. Akamwambia yote.

Mbombo alikamua nguo moja, akaiweka chini.

"Weye mwenyewe ulisikia?"

"Nilisikia na masikio yangu."

Neno la mtu mbaya Mbombo angelipima. Neno la Mbuyu hakulipima. Huyu ndiye aliyeleta ndoo ya bukari gare.

Badibanga alipofika kutoka kazini alikataa. Alisema wangoje kesho, waulize kwa chefu wa mtaa, mtoto ni mgonjwa. Mama yake alikuwa tayari anafunga vyombo katika shuka.

"Baba yako naye alisema tungoje," Mbombo alimwambia. "Mi nilimuzika."

 Badibanga alikwenda kumtoa Blanchard katika serumu. Muuguzi alimsihi, akamwambia mtoto bado hajapona. Alipoona hasikilizwi, alimkimbilia mpaka barabarani na kumtia vidonge mfukoni.

Waliondoka siku ileile, juu ya lori la kwanza lililotoka mjini, lililobeba magunia ya makaa. Nkambo Mbuyu aliwapa vitumbula vyote vilivyobaki. Mbuyi alimwangalia Fidélie kutoka juu.

"Fidé, weye unajua ni nani anasema mule?"

"Ni mu grupe," Fidélie alijibu.

 Lori likaenda na vumbi lake.

Jumapili ikafika. Makanisa yaliimba. Soko lilijaa. Vijana walicheza mpira. Hakuna mtu aliyekuja kumfukuza mtu. Nkambo Mbuyu alikaa mlangoni, anaangalia barabara, anasema moyoni labda kesho. Kesho ikafika, watu wakaenda kazini. Nyanya za Mbombo zilioza juu ya meza.

Wiki hiyo Tatiana alipiga simu kutoka Fungurume. Hakusema sababu. Aliuliza tu kama mama yake yuko na mtu pale nyumbani, akasema, "Nakuya." Alifika mchana. Aliomba maji, akanywa. Alikaa chini juu ya mkeka, akamvuta mama yake akae karibu. Ndivyo habari ya kifo inavyopelekwa kwao. Haitupwi mlangoni. Inakaa kwanza.

"Mama, Blanchard wa kwa Mbombo hayuko tena."

Akaeleza taratibu. Homa ilipanda juu ya lori. Dereva, mtu wasiyemjua, alivua koti lake akamfunika mtoto, na hakusimama popote mpaka Fungurume. Walipofika kituo cha afya, mikono ya mtoto ilikuwa baridi. Asubuhi Tatiana alikuta watu wamesimama mlangoni pa kituo, akaona ni majirani wa nyumbani. Alitoa kitenge kipya katika meza yake, wakamsitiri mtoto. Amezikwa Fungurume, mahali ambapo hana ndugu.

"Batu ba kule banabauliza, munakimbia nini? Hakuna mwenye kusikia kitu," Tatiana alisema. "Juu ya nini balikimbia, Mama?"

 Fidélie alikuwa amesimama mlangoni. Simu ikalia mkononi mwake, ikalia tena. Aliiangalia kama kitu asichokijua.

"Ni miye," alisema.

"Haina weye peke yako," nkambo wake alisema. "Weye uliituma na kidole. Mi niliibeba na kinywa."

Tatiana alirudi Fungurume kukaa kwenye kilio, pamoja na majirani. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Fidélie hakula. Alijifunika kichwa mchana kweupe. Usingizi ukimchukua, alishtuka na kulia. Nkambo alikaa kando yake, akamkanda mgongo kama alivyomkanda alipokuwa mchanga. Hakumuuliza kitu. Alikanda tu.

Siku ya tatu Fidélie alianza kusema mwenyewe. Hakusema juu ya Blanchard kwanza. Alisema juu ya shimo. Katika kundi, mtu alituma video ya wachimbaji waliofunikwa na udongo shimo lilipoporomoka. Aliona mkono. Aliona uso. Tangu siku ile, muda mrefu kabla ya ile sauti, akifumba macho anauona uso ule. Alituma video kwa wengine ili asibaki nayo peke yake. Wengine walimsifu kwa kuwa wa kwanza.

"Juu ya nini hukuniambia?" Nkambo aliuliza.

"Ulikuwa unauliza tu telefone inasema nini. Hukuuliza mi nasikia nini."

 Nkambo Mbuyu akachukua kitenge chake, akamshika mjukuu mkono, wakatoka.

Walikwenda kwa Mama Nkulu, mwisho wa barabara yao. Mama Nkulu alifanya kazi katika redio ndogo ya mjini. Kazi yake ilikuwa kupokea matangazo. Aliwapa viti, akawapa chai, akamwangalia msichana na macho yake mekundu. Hakuanza na lawama. Alisema tu kwamba chai ni ya moto, anywe polepole. Kisha akaomba kusikia ile sauti. Akaisikia yote. Akaisikia tena.

"Sasa sikia na miye," alimwambia Fidélie. "Anasema batu baende mbele ya matope kufunga njia. Inje kuko matope?"

"Hapana, mama. Kuko vumbi."

"Ni kipwa, mvua iko mbali. Anasema 'hapa kwetu'. Kwetu ni wapi? Alitaja muji?"

"Hakutaja."

"Anasema ni muzee wetu. Jina ya muzee?"

Fidélie alitikisa kichwa. Nkambo Mbuyu naye aliangalia chini. Ilikuwa sauti ya zamani, pengine ya mji mwingine, pengine ya mwaka mwingine. Mtu aliitoa mahali fulani na kuitupa tena njiani.

Mama Nkulu alimwambia Fidélie arudi nyuma, amuulize aliyemtumia. Fidélie akaandika palepale. Mwenzake mmoja, Mwenze, alijibu kwamba aliipata kwa binamu yake wa Musonoi. Binamu akajibu aliipata katika kundi la wauza simu. Katika kundi hilo iliwekwa na namba ambayo hakuna anayeijua. Walipiga namba ile. Haikuita.

"Njo pale uzi unakatika," Mama Nkulu alisema. "Mutoto wa batu alikufa juu ya sauti ya muntu asiyekuwako."

Nkambo Mbuyu ndipo aliposema lililomkaa moyoni. Alisema yeye alifikiri simu ni kama redio.

Mama Nkulu alimjibu kwa upole.

"Mama, ku redio muntu anakuya ku meza yangu. Anakaa. Namuona uso. Namuuliza jina, barabara, nani amemutuma. Kama simujui, naita chefu wa katia, ule wa mtaa yake. Ile yote ikipita, njo sauti inatoka. Telefone haina meza. Muntu anasema na hakuna anayemuuliza jina."

Akaeleza mengine, taratibu, huku akiongeza chai. Alisema mtoto hana kosa kwa kupenda wenzake. Simu ikilia ni kama mtu anaita jina lako, na kijana anakwenda pale jina lake linapoitwa. Lakini mwili wa kijana unataka usingizi ili ukue na ujifunze. Kulala na simu ni kulala na watu mia wanaoongea. Akiwa na hasira, asipomsikia mwalimu, ni kwa sababu amechoka. Na macho ya mtoto yakiona maiti, picha ile inabaki ndani. Inatoka kwa kuongea na mtu mzima anayempenda. Haitoki kwa kuituma kwa mtoto mwingine. Ile ni kumpa mwenzako ugonjwa wako.

Nkambo aliuliza kama aitupe simu chooni. Mama Nkulu akacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile.

"Utaitupa, ataangalia ya rafiki. Hapana. Ilale mu chumba chako. Aishike masomo ikiisha, kwa saa mutakayosikilizana. Na jioni mukae. Akuonyeshe ameona nini. Usimupige kwa kukuonyesha, juu siku utamupiga njo siku atafunga mulango."

Kisha akamgeukia Fidélie. Habari ikikutia hofu au hasira, alisema, ishike mkononi kwanza. Uliza: ni nani anasema, anasema wapi, alisema lini. Ukikosa majibu, ifie mkononi mwako. Usiipeleke, hata kwa wema.

Neno lile la mwisho lilimchoma Nkambo Mbuyu.

Fidélie aliweka kikombe chini. Aliuliza kama mtoto anaweza kutoa tangazo.

"Anaweza, akikaa na mukubwa wake. Na chefu wa katia athibitishe. Lakini utasema jina yako. Batu bote batasikia."

"Nitasema."

"Batakucheka."

"Najua, mama."

Wakaenda kwa chefu wa mtaa. Kesho yake wakakaa mbele ya meza ya Mama Nkulu, msichana na nkambo wake. Saa ya matangazo Dilala ilinyamaza kama siku zote. Fidélie alisema jina lake na barabara yake. Alisema alituma sauti bila kuuliza ni ya nani. Alisema chefu wa mtaa anathibitisha kwamba hakuna amri ya kumfukuza mtu yeyote. Alisema familia moja ilikimbia na mtoto akafa, na anaomba walioituma waifute. Nkambo Mbuyu alisema baada yake.  Alisema yeye ni mzee, na aliibeba sauti ileile mpaka kwa rafiki yake.

Katika kundi walimcheka kweli. Walimwita Tantine Redio, yaani shangazi wa redio. Mmoja aliandika, "Fidé, tangaza na mbuzi yetu alipotea." Wengine walisema amewauza wenzake. Lakini Mwenze alifuta ile sauti, akaandika kwamba amefuta. Mwingine akafuta. Mwalimu wao alisikia redio, akaomba Mama Nkulu aje kuongea na wanafunzi.

Simu ililala chumbani kwa Nkambo. Siku za kwanza Fidélie aligeukageuka kitandani, mkono unatafuta kitu kisichokuwapo. Jioni alikaa juu ya mkeka akamwonyesha nkambo wake alichoona. Mengine yalikuwa ya kuchekesha. Mengine Nkambo alitamani asingeyaona, lakini aliyaangalia, na hakupiga kelele. Polepole msichana akaanza kulala. Uso wa mchimbaji ulimjia mara chache zaidi. Haukuondoka wote.

Tatiana alipeleka habari Fungurume. Kilio kilipokwisha, Mama Mbombo na watu wake walirudi, bila Blanchard. Nkambo Mbuyu alivuka ua akakaa chini kwenye udongo mbele ya rafiki yake. Alisema kosa lake lote. Mbombo alimwacha amalize.

"Najua ulikuya na mapendo," Mbombo alisema. "Kama ungekuwa adui, ningekuuliza maulizo mingi. Mutoto wangu angekuwa ku serumu yake."

"Ni vile, Mbombo."

"Sikufukuzi. Lakini usinisalimie kwanza. Nitakusalimia siku roho yangu itaweza."

Basi walifagia, kila mmoja upande wake, kimya. Mbuyi alibadili benchi shuleni. Nkambo alimwachia kitumbula juu ya ua kila asubuhi, na kila asubuhi ndege walikula. Hakuacha kukiweka.

Mvua zilipoanza, sauti nyingine ilifika katika simu. Haikuwa ya mzee yule. Ilikuwa ya mwanamke, inalia, inasema watu wa Kasai wanafukuzwa, waondoke leo. Fidélie aliisikia mchana baada ya shule.  Kidole hakikugusa kitu. Aliandika katika kundi: "Ni nani anasema? Ni wapi? Ni siku gani?"

Mtu akaandika, "Tantine Redio amerudi." Mwingine akaandika kwamba yeye pia anataka kujua. Mwenze akamuuliza aliyeituma, na aliyeituma akasema hajui, akaifuta. Fidélie akampigia Mama Nkulu, na Mama Nkulu akamwita chefu wa mtaa. Hakukuwa na kitu. Watu walikuwa sokoni wananunua makayabu, samaki wa chumvi.

Lakini sauti ilikuwa imepita kwingine. Fidélie alipoangalia ng'ambo ya ua, alimwona Mama Mbombo uwanjani. Shuka ilikuwa imetandazwa chini, vyombo vimewekwa juu yake, na mzee alikuwa anakaza fundo kwa meno. Mbuyi alisimama kando, analia, simu mkononi.

Fidélie alimwita nkambo wake. Wakavuka pamoja, na mara hii msichana ndiye aliyesema. Hakusema "nilisikia". Alisema alimuuliza nani, na huyo alijibu nini. Alisema chefu wa mtaa yuko nyumbani kwake na mlango wake uko wazi, kama wanataka kwenda kumuuliza wenyewe. Alisema hajui ni nani yule mwanamke anayelia, na hakuna hata mmoja anayemjua.

Mbombo alimsikiliza. Alimtuma Mbuyi kwa chefu. Wakangoja wote, mvua ndogo inawaangukia. Mbuyi alirudi mbio kwa Mbombo.

"Ni bongo, Nkambo. Chefu anasema ni uongo. Anakuya yeye mwenyewe."

Mbombo alikaa juu ya ule mzigo.  Kisha akainuka, akafungua fundo. Alitoa sufuria, akaifuta kwa kitenge, akaiweka juu ya babula, jiko lake la makaa, lililokuwa baridi. Akamwangalia Nkambo Mbuyu.

"Mbuyu," alisema. "Kwako kuko moto? Niletee makala ya moto."

 Nkambo Mbuyu alikuwa amekwisha kugeuka, anakwenda kuleta.